Jina la Aliyeuawa

Baadhi yenu vijana mnaopenda kuandika huniuliza kama ni halali kutunga hadithi kutokana na kitabu cha mwandishi mkuu. Nawajibu kwa riwaya mbili.

Mwaka 1942 Albert Camus, mzaliwa wa Aljeria, alitoa *L'Étranger*. Humo Meursault anamwua mtu ufukoni. Mwuaji twamjua jina na mawazo. Aliyeuawa huitwa Mwarabu tu. Mwaka 2013 Kamel Daoud, Mwaljeria, alichapisha mjini Alger *Meursault, contre-enquête*. Msimulizi ni ndugu wa marehemu, naye anatuambia kwamba marehemu aliitwa Moussa, na kwamba alikuwa na mama aliyemlilia. Daoud hakuficha deni lake: jina la Meursault limo katika kichwa cha kitabu. Mwaka 2015 alipata tuzo ya Goncourt ya riwaya ya kwanza.

Msimulizi huyo ana maneno makali juu ya dini, nami siyakubali. Hata hivyo alinirudisha kwenye Injili ya Luka, ambamo Bwana Yezu anasimulia juu ya tajiri asiye na jina na maskini aitwaye Lazaro.

Katika nchi yetu wafu wa vita hutangazwa redioni kwa hesabu. Basi mkimfuata mwandishi mkuu, mtajeni waziwazi wala msiibe maneno yake. Kisha tafuteni katika kurasa zake ni nani aliyepita bila jina, mkaanzie hapo.