Sikio Hutangulia Jicho

Hapa Salgaa, usiku wa ukungu, mtu hulisikia lori likiteremka kutoka Sachangwan kabla hajaziona taa zake. Asiyetega sikio huchelewa kuondoka barabarani. Mimi niliponea hivyo siku moja, nami sijasahau.

Niliukumbuka usiku ule niliposoma habari za Leo P, galaksi ndogo iliyo jirani na kundi la galaksi letu, umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 5. Nyota zake ni hafifu mno, hata waliochunguza picha za anga hawakuitambua. Lakini gesi yake ya haidrojeni hutoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21. Mwaka 2012 wataalamu waliyanasa kwa darubini ya redio ya Arecibo, huko Puerto Rico. Ndipo wakaelekeza darubini za macho mahali pale, wakaziona nyota zenyewe.

Arecibo iliporomoka mwaka 2020. Leo kazi ya namna hiyo hufanywa pia barani kwetu na MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye sahani 64.

Basi, mwanafunzi, usiseme penye kiza ni patupu. Tega sikio kwanza.