Siku Tatu za Usukani: Kutoka Barabara ya Kirinyaga hadi Dagoretti



Wengi wetu wa Pwani twaijua Nairobi kwa mambo matatu: hospitali, balozi na harusi. Safari hii tulikwenda kwa ajili ya harusi, lakini mji ukatufunza jambo la nne ambalo hatukulitia katika hesabu, nalo ni spea za gari.

Gari lenyewe ni Land Cruiser kuukuu alilotuachia marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ni gari la njia mbovu, lenye ekseli nzima mbele na springi za koili, na kwa miaka mingi limebeba mahindi, nazi na wagonjwa bila kulalamika. Tulitoka Mombasa baada ya swala ya alfajiri: mama, sisi mabinti wawili, na ndugu yetu mdogo aliyeshika usukani. Safari ya kilomita zipatazo 480 ilikwenda vyema hadi tulipoipita Mtito Andei. Hapo gurudumu moja liligonga shimo, na mara usukani ukaanza kutikisika kushoto na kulia kwa nguvu kiasi cha kumpokonya dereva mikono. Nyuma yetu palikuwa na lori. Mama alipaza sauti kwa shahada. Ndugu yetu alipunguza mwendo polepole, akatoka kando ya lami, na gari lilipokaribia kusimama mtikisiko ukatulia kana kwamba haukuwapo. Sehemu ya njia iliyobaki tulikwenda mwendo wa punda.

Tulifikia kwa shangazi yetu, Kawangware, upande wa magharibi wa jiji. Asubuhi yake alitupeleka kwa fundi anayemwamini, kwenye Barabara ya Naivasha, si mbali na Dagoretti Corner. Gereji yake haina ukuta wala bango. Ina mti mmoja, mabati machache na gunia la kulalia chini ya gari. Fundi alilala juu ya gunia hilo, akatazama kidogo, kisha akatuita tuiname tuone wenyewe.

Chini, mbele ya ekseli, palikuwa na kifaa mfano wa shokabu, kimelala ubavu. Mafundi hukiita dampa ya usukani. Ndani yake mna mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Ukiisukuma polepole, mafuta hupita na pistoni huenda. Ukiisukuma kwa ghafla, mafuta hukataa na pistoni huzuilika. Kwa hiyo dereva hukata kona bila taabu, ila pigo la jiwe au shimo halifiki mikononi mwake kwa nguvu yake yote. Dampa yetu ilikuwa imegongwa na jiwe: fimbo yake imepinda, na mafuta yamevuja yakashika vumbi.

“Mama, hii imekufa,” alisema fundi. “Nunueni nyingine. Lakini kabla sijaifunga, niacheni nitafute kinachotikisa magurudumu. Dampa hutuliza mtikisiko; haiuanzishi.”

Tulipanda matatu kwenda mjini kwa njia ya Ngong Road. Tulishuka, tukaswali adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, jirani na maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931, kisha tukateremka kwa miguu hadi Barabara ya Kirinyaga. Zamani za ukoloni barabara hii iliitwa Grogan, kwa jina la Ewart Grogan, Mwingereza aliyesifika kwa safari yake ya kutoka Rasi ya kusini mwa Afrika hadi Cairo. Wazee wa magari bado hulitumia jina hilo. Inafuatana na Mto Nairobi, na maduka yake yamebanana: hapa beringi, pale vioo, kule injini nzima zimelala kando ya njia. Vijana hukukimbilia kabla hujafungua kinywa, kila mmoja akidai kuwa dukani kwake ndiko kuna unachotaka.

Katika duka tuliloingia, muuzaji alizungumza na ndugu yetu tu. Mama akiuliza, jibu lilikwenda kwa kijana. Mara ya tatu mama alisema kwa upole, “Mwanangu, mwenye gari ni mimi, na mwenye fedha ni mimi.” Muuzaji aliona haya, akamvutia kiti, akaweka mezani dampa tatu ambazo bei zake zilipishana sana. Ile nene kuliko zote aliisifu: “Funga hii, mama, hutasikia mtikisiko tena. Hakuna haja ya kugusa kitu kingine.”

Tunakiri kuwa maneno hayo yalitupendeza. Tulikuwa na haraka, na fedha zilizobaki zilikuwa za vitambaa vya harusi tulivyokusudia kuvinunua Eastleigh. Lakini mama alikumbuka neno la fundi. Alichagua dampa ya kawaida ya aina ya gari letu, akaivuta na kuisukuma mara kadhaa kama alivyoelekezwa, apate kuhisi kama ugumu wake ni sawa mwanzo hadi mwisho na kama haina mahali inapolegea. Akadai risiti.

Tuliporudi Dagoretti, fundi alikuwa amepata ugonjwa wenyewe. Alimwambia ndugu yetu atikise usukani huku injini ikinguruma, nasi tukaona ufito unaoizuia ekseli isisogee ubavuni ukicheza katika mpira wake. Bushi zilikuwa zimeliwa. Kiungo kimoja cha tai rodi nacho kilikuwa kimelegea. “Ningefunga dampa mpya leo, mngefika Mombasa mkinisifu,” alisema. “Lakini ingebeba mzigo usio wake, na siku ingechoka, mngekuwa barabarani.”

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, “Nunua hivyo vyote. Kwenye harusi tutavaa tulivyo navyo.”

Kazi ilikamilika siku ya tatu. Dampa yenyewe ilichukua chini ya saa moja: nati zilizoshika kutu zililainishwa kwa mafuta, ya zamani ikatolewa, mpya ikafungwa magurudumu yakitazama mbele, na pini ikarudishwa katika nati. Fundi aliukata usukani hadi mwisho pande zote mbili, ahakikishe kuwa dampa haigusi wala haizuii kitu. Bushi na kile kiungo ndivyo vilivyochukua siku. Mwisho alitutuma kusawazisha magurudumu.

Enyi akina mama wenye magari, au mnaopanda magari ya waume na wana wenu, tumelileta jambo hili kwenu kwa sababu usukani unaotikisika huwa na sababu, na sababu hiyo haiponi kwa kufunikwa. Mwulizeni fundi akuonyesheni kwa macho palipolegea. Iombeni ile spea ya zamani mwione. Wala msione haya kusema dukani kuwa gari ni lenu.

Harusini tulivaa nguo zetu za Idi iliyopita, na hakuna aliyetuuliza. Katika kurudi, tulipolifikia lile shimo karibu na Mtito Andei, gari zima lilikuwa kimya. Gurudumu liligonga, usukani ukatulia mkononi mwa ndugu yetu. Mama aliendelea na uradi wake hadi Mariakani, ndipo aliposema, “Mpigieni fundi simu, mwambieni tumefika.” Tulikuwa hatujafika bado, lakini tulimpigia.