Mali ya Duka Haigawanywi kwa Kukisia

Nyumba ya urithi huonekana, na shamba la urithi hupimwa. Duka la vipuri vya magari si hivyo. Mali yake imelala ndani ya maboksi madogo, maelfu kwa maelfu, yenye rangi zinazofanana, na tofauti baina ya boksi la shilingi elfu tano na la laki mbili huenda ikawa ni tarakimu chache tu zilizochapwa ubavuni. Sisi tuliolelewa na duka la namna hiyo tulilijua jambo hili tangu utotoni. Lakini uzito wake ulitufikia pale Mwenyezi Mungu alipomchukua baba yetu, akatuachia duka Gerezani, Dar es Salaam, pamoja na mama yetu mjane na sisi watoto watano, mabinti watatu na wavulana wawili, mdogo wetu wa mwisho akiwa na umri wa miaka 11.

Sheikh tuliyemwendea kwa ajili ya mirathi hakuchukua muda katika mafungu. Marehemu hakuacha wazazi. Mama anayo thumuni yake, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata fungu la wanawake wawili. Ukiyapanga, mali yote inakaa katika mafungu 8 yaliyo sawasawa: moja la mama, moja kwa kila binti, mawili kwa kila mvulana. Kisha akauliza: "Baada ya madeni na wasia, mali yenyewe ni kiasi gani? Na katika kilichomo dukani, ni kipi kisichokuwa chake?" Hapo sote tukanyamaza.

Wazee wa ukoo walishauri tukisie. "Wanangu, nyinyi ni damu moja," alisema baba mdogo, "kadirieni mmalize, msije mkavunjiana heshima kwa ajili ya filta." Alisema kwa nia njema, na wengi ndivyo wafanyavyo. Lakini miongoni mwetu alikuwamo mtoto asiyeweza kusema nimeridhia wala sikuridhia, na ridhaa ya watu wazima haihalalishi upungufu wa fungu la yatima. Tena kulikuwa na jambo la pili. Leja na kompyuta zilionesha vipuri ambavyo rafuni havikuonekana, na minong'ono ilikwisha kuanza juu ya msaidizi wa marehemu, mtu aliyekaa naye stoo miaka mingi. Hakuna aliyemtuhumu waziwazi. Ila salamu zake zilianza kujibiwa kwa mkato.

Hatukuanza bila ujuzi. Kabla ya kufungua duka lake, Baba alifanya kazi miaka mingi katika stoo ya vipuri ya kampuni moja iliyouza magari mapya, na huko alijifunza kwamba kipuri hakina jina, kina namba. Fundi huja akitaka "pedi za breki za mbele". Mtunza stoo humtafutia namba. Kwa vipuri vya Toyota, ambavyo ndivyo vilivyojaa rafu zetu, namba huwa na sehemu mbili za herufi na tarakimu tano tano. Sehemu ya kwanza hueleza ni kitu gani: 04465 ni pedi za breki za mbele, 04466 ni za nyuma. Shokapu ya mbele ya kulia huanza na 48510, ya kushoto 48520. Sehemu ya pili hutenganisha gari na gari. Baba alitukaririsha namba hizo kama watoto wengine wanavyokaririshwa jedwali la kuzidisha, na kila rafu yake ilikuwa na anwani, na kila anwani ilikuwa na kadi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Katika miaka ya maradhi yake kadi zilibaki nyuma.

Basi tukafunga duka baada ya Sala ya Ijumaa, tukatangaza kwamba hadi Jumatatu hakiingii kitu wala hakitoki. Tulihesabu wawili wawili, mmoja akihesabu na mwingine akiandika, na kanuni ya Baba tukaishika bila kulegeza: anayehesabu asioneshwe idadi iliyomo kitabuni. Jicho la mwanadamu likishaambiwa kuna sita, litaona sita. Rafu iliyokwisha kuhesabiwa ilirudiwa na jozi nyingine, na palipotofautiana palihesabiwa mara ya tatu. Mama alikaa mkekani na ndoo ya nati, sili na washa, akivitenga kwa makundi ya kumi kumi. Mdogo wetu, kwa macho yake mazuri, alisoma namba zilizochapwa kwa herufi ndogo.

Usiku wa Jumapili tulilinganisha, na kule kupotea kulianza kujieleza kwenyewe. Plagi ziliandikwa kwa maboksi zilipoingia, zikaandikwa moja moja zilipouzwa, hivyo kitabu kilikuwa hakisemi kweli tangu siku ya kwanza. Shokapu za kulia zilipungua, lakini za kushoto zilizidi kwa idadi ileile; ziliwekwa anwani moja, mtu akauza hii akaandika ile. Kubwa kuliko yote lilikuwa la namba zilizobadilishwa. Mtengenezaji hukiboresha kipuri au hubadili tu orodha yake, akakipa namba mpya. Boksi la zamani na boksi jipya yamebeba kitu kimoja, lakini kompyuta huviona viwili. Namba ya zamani ikaonekana imepotea, namba mpya ikaonekana imezidi. Vipuri vyote vilikuwapo mbele ya macho yetu. (Kompyuta tunaishukuru kwa kazi yake, ila yeye hajawahi kupanda ngazi akaitazama rafu ya juu.)

Vipo pia vilivyotoka kweli. Mafundi walichukua vipuri kwa maneno tu: "Nikaijaribu, ikikubali nitaleta hela." Kijikaratasi hakikuandikwa, au kiliandikwa kikawekwa mfukoni. Hilo ni deni, na kila mwenye kusoma Suratul Baqarah anajua kwamba aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, imeshughulika na kuandika deni na kushuhudisha. Tuliwafuata mafundi hao mmoja mmoja. Wengi walikiri, wengine walirudisha kipuri chenyewe kikiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki.

Jambo lililotutia hofu zaidi lilikuwa kinyume cha upotevu. Katika rafu ya nyuma tulikuta klachi na beringi zisizokuwa na kadi yoyote. Msaidizi yule yule aliyenong'onwa ndiye aliyetueleza: ni mali kauli, bidhaa alizoziacha mfanyabiashara mwingine ziuzwe kisha alipwe. Akatutolea daftari lake mwenyewe, kuukuu, lililofungwa kwa uzi, lenye tarehe na idadi ya kila kilicholetwa na kilichouzwa. Pembeni yake mlikuwa na jina la mteja aliyekwisha kulipa arbuni ya giaboksi ambayo haijafika. Lau tungekisia kama tulivyoshauriwa, tungeligawana mafungu 8 ya mali isiyokuwa ya baba yetu. Baba mdogo alilisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa, kisha akamwendea msaidizi, akampa mkono na kumwomba radhi mbele yetu sote.

Ilibaki thamani. Kadi ilionesha bei ya kununulia ya miaka iliyopita, ilhali warithi wanagawana thamani ya leo. Ndivyo pia zaka ya biashara inavyohesabiwa kwa rai ya wanazuoni walio wengi: bidhaa hukadiriwa kwa bei ya soko siku mwaka wake unapotimia, na ikifika nisabu hutolewa asilimia 2.5; rafu, kaunta na ngazi hazimo. Baadhi ya vipuri vilikuwa vimepanda. Vingine, kama kabureta za magari ambayo sasa ni nadra kuonekana barabarani, havina mnunuzi, na mikanda ya mpira iliyokaa miaka mingi huota nyufa hata ikiwa haijafunguliwa. Tulivikadiria kwa kile ambacho mnunuzi wa kweli angetoa leo, si kwa kile ambacho Baba alilipa.

Duka hatukuliuza. Fungu la mdogo wetu limeandikwa peke yake, na faida yake hali kadhalika, chini ya usimamizi wa mama na shahidi kutoka nje ya nyumba. Kuhesabu nako hatukungoja tena mwaka uishe. Kila siku baada ya Alasiri huhesabiwa namba 20: filta, pedi na plagi, ambazo hutoka kwa haraka, hurudiwa kila mwezi; vinavyokaa hurudiwa mara mbili kwa mwaka. Kilichotangulia kuingia hutangulia kutoka. Kinachorudishwa na mteja hakipandi rafuni kabla ya kuandikwa. Mteja akiulizia tusichokuwa nacho, namba yake huandikwa, kwa sababu hayo maulizo ndiyo yanayotueleza tuagize nini.

Baada ya yote hayo upungufu ulibaki, mdogo, wa vitu ambavyo hatukujua vilikwenda wapi. Hatukumbebesha mtu yeyote. Tuliutoa katika jumla kabla ya kugawa, nasi watu wazima tukajaza sehemu ya mtoto kutoka katika mafungu yetu. Boljointi mbili za kulia zimeandikwa kwa wino mwekundu katika ukurasa wa kwanza wa leja mpya, na hadi tunaandika haya hazijaonekana.