Kumfuta Mtu

Katika La Femme Nikita, mfululizo wa televisheni wa Kanada uliorushwa tangu 1997 hadi 2001, wakubwa wa Section One hawapendi neno "kuua". Mpelelezi aliyeshindwa kazi "anafutwa", kama mtu afutavyo safari au miadi. Wengine huwekwa akiba, wapelekwe siku moja kwenye kazi isiyo na kurudi. Hao nao wana jina lao la ofisini, safi kama karatasi.

Wengi wanakumbuka bastola na urembo wa Peta Wilson. Sibishi. Mimi nilinaswa na masikio ya Nikita. Katika filamu ya Luc Besson ya 1990, ambamo mfululizo ulichotwa, Nikita aliyechezwa na Anne Parillaud kweli anamwua polisi. Wa televisheni amesingiziwa. Anatolewa gerezani, anaambiwa kwamba kwa dunia amekwisha kufa na kaburi lake lipo, kisha anafundishwa kuua. Wapo wanaosema badiliko hilo limeilegeza hadithi. Kwangu limeikaza: anaingia bila mazoea, kwa hiyo kila neno la mle ndani linamkwaruza. Michael, ambaye Roy Dupuis anamchezea kwa sauti ya chini mno, amekwisha kuizoea lugha ile. Nikita bado anauliza: huyu ni nani, amefanya nini?

Swali hilo nakutana nalo kila Jumamosi, ninapotafsiri habari kutoka Kifaransa katika redio moja ya mtaani. Taarifa za vita zinakuja na tarakimu, kisha "neutralisés". Desturi pale ni kuandika "wamedhibitiwa". Msikilizaji anaweza kudhani wamefungwa tu kamba. Mama yangu, akisimulia kifo cha namna hiyo, husema "balimuua". Hata "aliuawa" hasemi, umbo ambalo sarufi yetu inaliruhusu kumficha mtenda. Ile ba- haitaji jina la mtu, lakini inajua kwamba kuna watu walifanya. (Walimu wetu wa sarufi wangeweza kuipa ba- hiyo somo zima.)

Juzi niliandika "wameuawa". Mhariri akarudisha "wamedhibitiwa", akaniambia redio haina mlinzi mlangoni. Kiswahili anakijua kunipita. Anaogopa, na hofu yake ina sababu. Nami sijaamua nitaandika nini Jumamosi ijayo.

Msimu wa tano, wenye vipindi 8 tu, ulipatikana kwa sababu watazamaji walipiga kelele mfululizo usikatishwe. Mwishoni Michael anaondoka na mwanawe. Nikita, yule aliyekuwa anauliza, anabaki na kukalia kiti cha mkuu wa Section One. Sasa amri za kufuta zitatoka kinywani mwake, kwa neno atakalolichagua yeye.