Hiki Cheti ni cha Nani?

Jina langu sitaliandika hapa. Mhariri analo, inatosha. Naishi Ihanja, Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, mahali ambapo ukipiga chafya asubuhi, jioni unapewa pole na mtu wa mwisho wa kijiji. Asubuhi nalima alizeti za nyumbani, jioni nafundisha tuisheni chini ya mwarobaini, usiku naandika riwaya ambayo mwisho wake sijaupata.

Nilizaliwa nikaandikwa msichana. Tangu darasa la tatu nilijua kwamba mimi siye. Sikuwa na neno la kuliita jambo hilo, nilikuwa na uzito tu kifuani kila walipotugawa: wavulana huku, wasichana kule. Siku niliyomaliza kidato cha nne nilivua sketi, na sijaivaa tena. Watu wakasema, huyu kasoma mpaka kachanganyikiwa. Bibi peke yake hakubadili kitu. Aliniita "mjukuu wangu" zamani, na akaendelea hivyo hivyo.

Basi, shule moja ikawa inatafuta kijana wa kujitolea, awasaidie watoto wa darasa la kwanza kusoma na kuandika. Nikapiga pasi shati, nikaenda na bahasha yangu. Mkubwa wa pale akatoa cheti, akakitazama, akanitazama mimi, akakirudia.

"Hiki cheti ni cha nani?"

"Changu, mzee."

"Mbona jina la kike?"

"Ni langu, mzee."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, tena kwa upole kabisa: "Nenda nyumbani, mwanangu. Vaa kama cheti chako kinavyosema, kisha urudi. Nafasi ipo."

Loo! Bora angenifukuza. Nilipofika nyumbani nikasimulia. Mama hakusema neno, akaenda ndani, akarudi na gauni lake la kanisani, akaliweka kitandani kwangu. Nililitazama usiku kucha. Nilikuwa naitaka ile kazi kuliko kitu chochote. Alfajiri nikalikunja, nikamrudishia. Sikurudi shuleni.

Yule mzee simlaumu sana. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo nani asiyeogopa jina lisilofanana na sura? Lakini mimi cheti changu ni halali. Ningevaa lile gauni, kitu cha kughushi kingekuwa ni mimi.

Baadaye, kwenye simu ya kuazima, nikasoma habari za Audrey Mbugua wa Kenya. Alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 kwa jina la kiume, akafaulu vizuri, akasoma Chuo Kikuu cha Maseno. Yeye ni mwanamke, vyeti vinasema mwanamume, na kazi ikawa haipatikani. Akaliomba Baraza la Mitihani la Kenya libadili jina, halikukubali, akaenda mahakamani. Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu, Nairobi, akaamuru atolewe cheti kipya chenye jina la Audrey, kisicho na alama ya mume wala mke.

Najua Nairobi si Ihanja, na hukumu ya kule haifungi mtu huku. Lakini usiku ule nilicheka peke yangu gizani. Kumbe lile swali la "cha nani?" kuna mtu aliwahi kulijibu mbele ya jaji, na akasikilizwa!

Tuisheni ilianza na watoto watatu. Siku ya kwanza mmoja akauliza: "Tukuite sir au madamu?" Wenzake wakacheka. Nikajibu: "Niiteni mwalimu." Yakaisha. Nilipokuwa nawafundisha ngeli ya A-WA ndipo nikashtuka mwenyewe. Mwalimu anakuja. Mwalimu anafundisha. Mwalimu amechoka. Kiswahili chetu hakijaniuliza hata mara moja nilizaliwaje. Kimeniuliza tu kama mimi ni mtu.

Sasa watoto wamefika kumi na wawili. Wapo wazazi waliowatoa wao, na wapo waliowaleta usiku usiku kuomba nafasi, wakiniambia nisiseme. Siishi kwa raha, msomaji, usidanganyike. Jina langu lingekuwa juu ya ukurasa huu kama ningekuwa naishi kwa raha.

Lakini juzi, katikati ya hesabu za sehemu, mama alisimama mlangoni. Lile jina la kwenye cheti hakuliita. Alisema mbele ya watoto wote:

"Mwalimu, chai tayari."