Kamera Imeiona Namba, Haijamuona Dereva



Ndugu zangu katika Imani, mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni hapa Tororo aliniuliza: "Ustadh, kamera ikisoma namba ya gari, polisi wakamsimamisha baba, hiyo ni haki?" Swali hili latuhusu sana sisi watu wa mpakani. Gari moja huendeshwa na ndugu watatu, na mengine yameuzwa zamani lakini logibuku ingali na jina la mwenyewe wa kwanza.

Uganda ilianza kufunga namba za kidijitali mwaka 2023, ikianza na magari ya serikali. Juni 2025 kamera zikaanza kutoza faini, watu wakalalamika, na mwezi huohuo mpango ukasimamishwa ili uangaliwe upya. Tatizo ni kwamba kamera husoma namba, na namba hutaja mwenye gari. Haisemi nani ameshika usukani.

Swali kama la kijana wetu lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Kansas dhidi ya Glover, mwaka 2020. Askari alikagua namba, akaona mwenye gari amefutiwa leseni, akalisimamisha. Majaji 8 kati ya 9 walisema ni halali, kwani kwa kawaida mwenye gari ndiye dereva. Lakini waliweka mpaka: kama mwenye gari ni mzee wa miaka sitini na kitu, na askari anaona anayeendesha ni kijana wa ishirini na kitu, dhana hiyo imeanguka.

Sisi tunalo somo hili katika Surat Al-Hujurat. Aya ya 6 yatuamrisha kuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na aya ya 12 yakataza dhana mbaya na kupelelezana. Namba ya gari ni habari. Kumsimamisha mtu ili kuhakiki ni sawa. Kumfanya mkosaji kabla ya kuhakiki ni dhulma.

Tena tuangalie kamera zinawekwa wapi. Huko Birmingham, Uingereza, mwaka 2010 ilibainika kuwa kamera zaidi ya 200, nyingi za kusoma namba, zimewekwa katika mitaa ya Waislamu kwa fedha za kupambana na ugaidi. Wenyeji walidai maelezo bila fujo, na mwaka 2011 zikaondolewa.

Basi wazazi, ukiuza au kununua gari, badilisheni jina mara moja. Ukisimamishwa, simama, toa salamu, uliza sababu kwa upole. Ukikamatwa, Katiba ya Uganda, kifungu cha 23, yataka uambiwe sababu kwa lugha unayoifahamu na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Ukivuka Busia kuingia Kenya, kifungu cha 49 chataja saa 24, ila zikiishia siku ambayo mahakama haikai, husubiriwa siku ya kazi inayofuata.

Wafundisheni watoto haya pamoja na adabu zake. Wabillahi tawfiiq.