Gari la kifahari kwa bei ya bodaboda mbili, nani atalilisha?

Karibu kila mtaa nchini una gari ambalo zamani lilikuwa la bosi. Viti vyake ni vipana, mlango hufungwa kwa kidole kimoja na chini ya boneti kuna silinda sita. Lilipokuwa jipya, mtu wa mshahara wa kawaida asingethubutu hata kuuliza bei. Leo limetembea zaidi ya kilometa 200,000, na dalali analitoa kwa fedha inayokaribia bei ya bodaboda mbili mpya.

Katika kundi hilo wamo akina Crown, Mark X na Mercedes za zamani, lakini linalotajwa sana vijiweni ni Toyota Brevis. Lilitengenezwa kati ya mwaka 2001 na 2007 kwa ajili ya soko la Japani, kwa injini ya lita 2.5 au 3.0. Ni gari tulivu, lenye nguvu na la heshima. Linauzwa rahisi kwa sababu wanaoliuza wanajua linavyokunywa mafuta, na kwa sababu injini yake ya D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa, huwatoa jasho mafundi wengi wa mitaani.

Baba wa familia hayaoni hayo siku ya kununua. Anachoona ni kwamba gari ndogo ya kawaida inauzwa ghali kuliko hili la kifahari. Anajiuliza kwa nini anunue kidogo kwa bei kubwa wakati kikubwa kipo kwa bei ndogo.

Gari linafika Maore

Ndivyo alivyojiuliza mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Maore, wilayani Same. Maore ipo tambarare, chini ya Milima ya Upare, kwenye njia ya Same, Kisiwani, Ndungu hadi Mkomazi. Ni nchi ya mpunga, na barabara yake kwa miaka mingi imewajulisha wenyeji wake vumbi la kiangazi na tope la masika.

Mwalimu alichukua mkopo wa shilingi milioni 3.5 unaokatwa kwenye mshahara. Akaongeza milioni 2.5 za mpunga wa misimu miwili, ambazo mkewe alikuwa amezitunza. Walikuwa wamezungumza habari ya gari, tena zaidi ya mara moja, lakini mama alidhani wanazungumzia gari dogo la kubebea mchele kwenda mjini. Simu ilipigwa kutoka Dar es Salaam wakati fedha imeshalipwa: Brevis, rangi ya fedha, kilometa 238,000, milioni 6.

Wapare hutaniwa nchi nzima kwa kubana shilingi. Kwa siku chache za mwanzo utani huo ulikoma Maore. Watoto walilikimbilia gari, majirani walilizunguka, wazee walipanda nyuma wakashuka wakisifia baridi la kiyoyozi. Mama naye hakukataa kwamba gari ni zuri. Aliuliza swali moja tu: "Baba, gunia la mchele litakaa wapi?"

Wiki ya pili fundi wa mjini Same alilipandisha juu akaliangalia chini. Tairi zilikuwa zimeisha upande wa ndani, bushi za mbele zimekatika, na mkanda wa taimingi, ambao kwa injini hiyo hubadilishwa kila kilometa 100,000, haukuwa na kumbukumbu yoyote ya kubadilishwa. Mwalimu akalalamika kwamba gharama hizo hazilingani na gari la milioni 6.

"Mwalimu," fundi akamjibu, "wewe umenunua kwa milioni sita. Vipuri havina habari hiyo. Vyenyewe vinajua hili ni gari la bosi."

Petroli ya chupa

Maneno ya fundi yalieleweka vizuri zaidi mwezi Juni. Binti mkubwa alikuwa amepangiwa kidato cha tano shule ya bweni, na alitakiwa kuripoti Julai. Ada ya kidato cha tano na cha sita Serikali imekwishaifuta, lakini orodha ya mahitaji haijafutwa: godoro, shuka, sanduku, sare, madaftari, nauli. Mama alikuwa ametenga fedha hiyo.

Jioni moja mwalimu aliishiwa mafuta njiani, akanunua petroli ya chupa kando ya barabara, kama wafanyavyo wengi mbali na vituo. Injini ya kawaida huweza kuvumilia uchafu kidogo. Ya D4 ina pampu ya msukumo mkubwa na nozeli zenye matundu membamba mno, na uchafu ni adui yake. Baada ya siku mbili taa ya injini iliwaka na gari likakosa nguvu kabla ya Kisiwani. Filta ya mafuta, kusafisha nozeli na pampu iliyokwishatumika, iliyoagizwa kutoka Dar es Salaam, vilikula shilingi 520,000.

Fedha ya haraka ndani ya nyumba ilikuwa moja tu. Binti aliripoti shuleni kwa tarehe iliyopangwa, akiwa na sanduku la shangazi yake na godoro la kuazima. Baba yake alimsindikiza kwa basi, kwa kuwa gari lilikuwa bado kwa fundi. Mtoto hakusema kitu. Lakini njia nzima lile godoro lililofungwa kamba lilikuwa limelala juu ya magoti ya baba.

Daftari la mpunga

Aliporudi, hakukuta ugomvi. Alikuta sufuria la makande mezani na pembeni daftari ambalo mkewe huandikia mauzo ya mpunga. Mama alikuwa amekusanya risiti zote, nyingine kutoka kwenye mifuko ya suruali kabla ya kufua, akaziorodhesha:

Tairi nne, 600,000. Mkanda wa taimingi pamoja na wota pampu, 380,000. Bushi na shokapu za mbele, 450,000. Plagi sita na koili mbili, 270,000. Oili na filta mara mbili, 260,000. Mafuta ya gia boksi, 150,000. Bima ndogo, 118,000. Mkasa wa petroli ya chupa, 520,000.

Jumla ilikuwa shilingi 2,748,000, karibu nusu ya bei ya kununulia. Gari lilikuwa limetembea kilometa 5,500 tangu siku lilipotoka Dar es Salaam. Ukigawa, kila kilometa ilikuwa imekula shilingi 500 za matengenezo.

Kisha akaongeza mafuta. Kwa lita moja kuwapeleka kilometa nane, na bei ya shilingi 3,000 kwa lita, kilometa hizo ziliteketeza zaidi ya shilingi milioni 2. Gari la milioni 6 lilikuwa limekula karibu milioni 4.8 kwa mwaka, na marejesho ya mkopo hayamo.

"Sisemi uliuze," mama alisema. "Nasema lihesabiwe kama mtoto mwingine. Mtoto ana bajeti."

Kuuza kusingewasaidia sana. Tairi na mkanda vilikuwa vipya, na hakuna mnunuzi ambaye angewarudishia fedha hiyo. Mzigo mzito wa mwaka wa kwanza ulikuwa deni la matengenezo waliyoyakwepa wenye gari waliotangulia. Mama alikadiria kwamba miaka inayofuata nusu yake ingetosha, yaani shilingi 250 kwa kilometa.

Basi likanunuliwa kopo lenye kufuli. Gari likitoka, kilometa husomwa. Likirudi, husomwa tena, na fedha hutumbukizwa. Safari ya kwenda na kurudi mjini Same, kwa mfano wa kilometa 100, sasa ina bei inayojulikana: shilingi 37,500 za mafuta na 25,000 za kopo. Kwa mtu mmoja anayekwenda kufuatilia barua ofisini, basi ni jibu. Kwa familia nzima inayokwenda msibani, au mgonjwa usiku, gari linatoka.

Kanuni ya pili ilihusu majirani, na ndiyo iliyokuwa ngumu. Kijijini gari la mtu mmoja huwa ambulensi ya wote, na hakuna muungwana wa kumdai mama mwenye uchungu wa kujifungua. Walikubaliana hivi: mgonjwa hupelekwa bila swali, na ndugu zake wakituliza moyo huweka mafuta. Harusi na matembezi ni maombi ya mapema, na mwombaji hujaza mafuta kwanza. Wapo waliosema mwalimu amekuwa Mpare kweli kweli. Aliyapokea kama sifa.

Kanuni ya tatu ilikuwa fupi: petroli ni ya kituoni peke yake, na tangi halishuki chini ya robo.

Ipo nafuu moja inayosaidia mpango wa namna hii. Katika bajeti ya 2017/18 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongeza shilingi 40 katika ushuru wa kila lita ya mafuta. Tangu hapo gari lililoegeshwa halilimbikizi deni la ada hiyo, na gari lenye kiu hulipa kila linapotembea. Familia yenye gari la silinda sita inaokoa kwa kulitumia kwa mpango. Haifai pia kuliacha miezi bila kuwashwa, maana betri hufa na raba hukauka. Mzunguko mfupi kila wiki unatosha.

Kabla ya kulipa

Mzazi anayelitamani gari kama hili ana mambo ya kuangalia kabla dalali hajahesabu noti.

Herufi za namba ya gari zisimdanganye. Namba mpya huonyesha lini gari limesajiliwa nchini, haionyeshi lini lilitengenezwa. Mwaka wa kutengenezwa usomwe kwenye kadi, na namba ya chesisi kwenye kadi ilingane na iliyo kwenye gari.

Kilometa za kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Pedali iliyolika, usukani uliong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea husema ukweli zaidi. Gari lisemalo kilometa 90,000 huku raba ya breki imelika hadi chuma linaeleza historia mbili tofauti.

Injini iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla ya mteja kufika huenda anaficha mlio au moshi wa asubuhi. Fundi wa kulikagua achaguliwe na mnunuzi, alipime kwa kompyuta na kuliangalia chini. Ada yake ni ndogo kuliko koili moja. Faini za barabarani zikaguliwe kwa namba ya gari, na jina libadilishwe TRA mapema.

Lililo kubwa kuliko yote halimo ndani ya gari. Ni fedha inayobaki siku ya pili. Mwenye milioni 6 hana gari la milioni 6. Ana gari la milioni 4 na milioni 2 za kuliponya. Akitumia zote kununua, matengenezo yatakwenda kuchukua mahali pengine, na ndani ya nyumba mahali pengine huwa ni pale pale: ada, mahitaji ya shule, chakula, akiba ya mama.

Gari la kifahari lililochoka linaweza kuihudumia familia kwa miaka mingi. Injini zile hudumu zikipewa oili safi, mafuta safi na mkanda kwa wakati wake. Wanaofaidi ni wale waliokaa wawili mezani na kalamu kabla ya kulipa, wakaandika bei ya kilometa moja, wakakubaliana itatoka mfuko gani. Asiyeweza kuijibu hesabu hiyo leo, gari litamuuliza tena njiani, na kwa kawaida huuliza wakati watoto wanafungua shule.